Upindo

Tiketi alinipa Bi Morag,
yule ninayempunguzia sketi kila msimu
kwa kuwa mwili wake, asema, unarudi udongoni kwa awamu.
"Nenda wewe, fundi. Mimi magoti yamegoma."
Basi Jumapili nikaifunika cherehani shuka lake,
nikapanda basi hadi makumbusho,
Glasgow ikimwaga ile mvua yake
isiyonyesha wala kukatika.

Ndani giza. Giza la makusudi,
kama chumba cha mgonjwa wa macho.
Hariri, wameandika ukutani, huogopa mwanga.
Nikacheka kimoyomoyo:
hariri niliyoishona mimi Mombasa
ilichezewa ngoma hadi jasho likachora ramani mgongoni,
na kesho yake ikaanikwa juani kama samaki.

Wamesimama safu kwa safu, hawana vichwa.
Gauni la rangi ya bizari, kiuno chembamba
hata nikajiuliza mwenyewe alikula saa ngapi.
Jingine la manyoya, unyoya mmoja mmoja,
kama kuku aliyenyonyolewa, kisha wakajuta.
Na katikati, peke yake ndani ya kioo kisicho na mlango,
jeupe, refu, mkia wake umemwagwa sakafuni
kama maziwa ambayo hakuna aliyethubutu kuyapangusa.

Kwetu leso ya bei ya mkate humsema jirani.
Hili la bei ya nyumba halina hata neno.
Lina kibao: jina la mbunifu, mwaka, Paris,
saa mia saba za kazi ya mkono.
Mkono wa nani?
Kibao kimya.
Saa mia saba nikazipiga hesabu kwa vidole:
miezi miwili na siku kumi,
subana kidoleni, shingo imepinda,
chai imepoa pembeni.

Nikachutama.
Watu hutazama kifua; fundi hutazama upindo.
Mishono midogo kama chembe za chumvi,
sawasawa, sawasawa, sawasawa,
halafu, kwa upana wa vidole vitatu,
imelegea. Imetanuka. Mmoja umeenda upande.
Kisha ikarudi njiani.
Hapo alichoka.
Au hapo taa ilififia.
Au hapo mtu alimwita jina lake, akageuka.
Nikabaki nimechutama na huyo mtu
muda mrefu kuliko adabu.

"Samahani mzee, sogea nyuma kidogo."
Mlinzi, kijana, beji yake inasema Ruaridh.
Nikainuka kwa kupitia suruali yake,
na hapo nikaona: mguu wa kushoto umefumuka,
ameubana kwa pini za kubania karatasi.
Pini! Mbele ya saa mia saba!

Chini ya kola yangu hukaa sindano
imetungwa uzi mweusi, tangu nilipokuwa mwanagenzi.
Nikaichomoa. Akaruka.
"Si humu ndani, mzee! Sindano, humu!"
Nikasubiri zamu yake iishe.
Kwenye ngazi za chini, karibu na makoti ya wageni yanayochuruzika,
akaweka mguu juu ya goti langu kama farasi anayepigwa kiatu,
amekodoa macho, masikio mekundu.
Nikapiga bandi, nikashona, nikakata uzi kwa jino.

Akauliza ni pauni ngapi.
Nikamwambia: niambie tu, lile jeupe,
bitana yake rangi gani?
Akatazama kushoto, akatazama kulia.
"Nyekundu," akanong'ona. "Niliiona walipokuwa wakilivisha.
Nyekundu kama ndani ya mdomo."

Jumanne Bi Morag akaja na sketi nyingine.
Alisimama juu ya stuli, wima, amejishika ukutani.
"Enhe, niambie. Yalikuwa mazuri?"
Nilikuwa na pini nne mdomoni.
Nikaitikia kwa kichwa,
nikaendelea kuzunguka, kwa magoti,
chini kabisa, kwenye upindo.